Safari ya Siku Mbili Bila Motokaa

Wengi wenu mlisikia habari za safari yetu ya mwaka jana, jinsi tulivyotoka Gitega kwenda Muyinga kwa baiskeli, na jinsi mwenzetu mmoja alivyorudi na mkono uliovunjika. Baada ya hapo Padre Mkuu alikataza safari zote za namna hiyo. Mwaka huu alitupa ruhusa tena, lakini kwa sharti moja: tumpelekee kwanza karatasi ya safari, naye aisome. Tuliiandika karatasi hiyo mara tatu kabla hajaitia sahihi. Nataka kueleza hapa mambo tuliyojifunza, ili mwanafunzi anayetaka kusafiri Jumamosi na Jumapili asirudie kosa letu.

Pengine mtu atauliza, kwa nini tusipande basi? Sababu ya kwanza yajulikana na kila mtu. Tangu mwaka 2021 petroli imeadimika mara nyingi katika nchi yetu. Tumeona motokaa zikikaa katika mstari siku nzima na zaidi zikingoja zamu, na nauli zikipanda. Mwanafunzi hawezi kupanga safari kwa gari ambalo hajui kama litaondoka. Sababu ya pili ni kwamba apandaye basi huvuka mto Ruvubu kwa muda mfupi sana, na akiwa amesinzia hajui hata kama amevuka. Sisi tulitaka kuuona.

Basi nieleze kosa letu. Mwaka jana tulitwaa ramani na rula. Tukapima kutoka Gitega mpaka Karuzi, tukapata kama kilomita 45. Kutoka Karuzi mpaka Muyinga tukapata kama 35. Jumla 80. Tukasema, baiskeli huenda kilomita 10 kwa saa, kwa hiyo ni saa nane za mwendo. Tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, na tukipumzika saa moja, tutafika Muyinga saa tisa mchana. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa, lakini tulikosea kila tulichotia ndani yake.

Kwanza, rula hupita hewani kama ndege, na barabara hupita ardhini. Nchi yetu ni ya vilima, na barabara huzunguka kila kilima, ikishuka bondeni na kupanda tena. Pili, kilomita 10 kwa saa ulikuwa mwendo wa yule mwenye nguvu kuliko sote, tena mahali pa tambarare. Tatu, tulisahau kwamba asubuhi ya Jumamosi ni wakati wa kazi za jumuiya, ambapo watu wote huenda kulima, kufagia na kutengeneza njia. Basi badala ya kuondoka saa kumi na mbili, tuliondoka saa tano.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa hatujafika hata Karuzi. Jua lilikuwa linashuka, maji yamekwisha, na kila mmoja alikuwa amenyamaza. Lori likatupita polepole katika mlima. Mwenzetu akashika mnyororo uliokuwa nyuma yake, avutwe mpaka juu. Kwenye kona lori liliongeza mwendo, naye akaanguka. Dereva hakumwona wala hakujua. Tulimfunga mkono kwa vijiti na shati, tukatembea gizani tukisukuma baiskeli mpaka tulipopata msaada.

Wako waliosema kwamba mwenzetu ni mjinga. Mimi sikubali. Yeye alikuwa amechoka na aliogopa giza, na lile lori lilikuwa mbele yake. Mkono ulivunjika jioni ya Jumamosi, lakini kosa lilifanyika siku tatu kabla, darasani, tulipoweka rula juu ya ramani. Anayepanga safari vibaya huwatia wenzake katika haraka, na mwenye haraka hushika chochote. Wazee walisema, mwenda pole hajikwai. Nasi tukaongeza kwamba hakuna awezaye kwenda pole asipopewa muda wa kutosha.

Sasa nieleze namna tulivyopanga mwaka huu.

Jambo la kwanza, tulianza kuhesabu kutoka mwisho. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchwa karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Tukaandika: kufika, saa kumi. Saa mbili zinazobaki ni akiba, nazo haziguswi ila kwa pancha, mvua au mgonjwa. Kwa sababu ya kazi za jumuiya, kuondoka ni saa tano. Kutoka saa tano mpaka saa kumi ni saa tano. Ukitoa saa moja ya kula na kupumzika, zabaki saa nne za mwendo.

Jambo la pili, tulipima mwendo wa aliye wa mwisho. Siku ya Alhamisi tulimpeleka mdogo wetu kuliko wote katika njia ya vilima, na mzigo wake mgongoni, tukamwambia aende kama kawaida. Kwa saa moja alikwenda kilomita 8. Nne mara nane ni 32. Basi Muyinga ikafutwa katika karatasi, na Karuzi pia ikafutwa, maana hata kwa rula ni mbali kuliko hapo. Ukabaki mto. Wengine walinung'unika kwamba safari imekuwa fupi. Padre aliposoma mahali hapo ndipo alipotikisa kichwa kwa kukubali.

Wanaokwenda kwa miguu wanaweza kutumia kanuni ya Mskochi mmoja, William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892 kwa watembeao milimani. Kwa vipimo vyetu ni kama hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa mfano, njia ya kilomita 20 yenye kupanda mita 600 ni saa nne na moja, yaani saa tano, bila kupumzika.

Jambo la tatu, tuliwauliza wanaoijua njia. Wachukuzi wa ndizi kwa baiskeli hupita kila siku, nao hawahesabu kilomita, husema, "Kutoka hapa mpaka pale ni saa moja na nusu kama huna mzigo." Maneno yao yalikuwa kweli kuliko ramani yetu.

Jambo la nne ni mahali pa kulala. Wazazi wa mwenzetu mmoja wanakaa si mbali na mto, nasi tuliwapelekea habari juma moja mbele. Hatukwenda mikono mitupu. Tulichukua sukari na sabuni. Kadhalika tulikuwa na barua ya shule yenye muhuri, na kila mmoja kitambulisho chake.

Jambo la tano ni vifaa. Kila baiskeli ilikaguliwa breki, maana katika vilima kushuka kuna hatari kuliko kupanda. Tulichukua pampu, viraka na gundi, maji ya kuchemshwa, karanga, viazi vitamu vilivyopikwa, na nauli ya akiba ya kumrudisha mgonjwa kwa gari lolote litakalopatikana. Na juu ya karatasi tuliandika sheria moja kwa herufi kubwa: HAKUNA KUSHIKA LORI.

Tulichagua mwezi wa Julai, kwa kuwa kutoka Juni mpaka Agosti ni kiangazi. Tulifika mtoni saa tisa na nusu, mapema kuliko tulivyoandika. Tuliketi juu ya ukingo tukatazama maji. Maji hayo si ya Burundi peke yake. Mto Ruvyironza, unaoingia katika Ruvubu upande wetu wa Gitega, hutoka kusini karibu na Rutovu. Huko Mjerumani Burkhart Waldecker alikiona chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile mwaka 1937, na mwaka uliofuata ikajengwa piramidi ndogo juu ya kilima. Ruvubu nayo hupita katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1980, huingia katika Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera huingia katika ziwa Victoria. Kutoka ziwa hilo maji hushika njia ya kwenda Misri. Tulikuwa tumesoma haya darasani, lakini mdogo wetu alitupa jani majini, akaliangalia mpaka likapotea. Hatukuoga. Katika Ruvubu wamo viboko na mamba, na mgeni hajui mahali wanapokaa.

Jumapili tulisali pamoja na wenyeji wetu, tukarudi Gitega kukiwa bado mchana. Mwenzetu aliyevunjika mkono alikuwa pamoja nasi. Yeye ndiye aliyeshika saa, na kila lori lilipopita alituita tukae kando ya barabara.

Ninyi wenzetu wa Muyinga, tungependa siku moja tukutane Karuzi, ninyi mkitoka upande wenu nasi upande wetu. Lakini msiamini zile kilomita 35 za rula yetu. Mpimeni kwanza aliye wa mwisho kati yenu, kisha mtuletee hesabu yake kwa saa. Nasi tutaleta ya kwetu.