Kabila, Mbari na Mafuvu: Wanafunzi wa Anthropolojia ya Kibayolojia Wanapotafuta Maneno

Utangulizi

Makala haya yametokana na vikao vya Jumamosi alasiri vilivyofanyika nyumbani kwangu hapa Nyakiriba, wilaya ya Rubavu. Muhula uliopita wanafunzi sita wanaopanga vyumba jirani na kwangu walianza kunijia kila wiki. Hawakuwa wanafunzi wangu wa Kiswahili. Walikuwa wakisoma kozi ya utangulizi ya anthropolojia ya kibayolojia, yaani somo linalomchunguza binadamu kama kiumbe hai: asili yake, mwili wake, tofauti za miili ya watu, na uhusiano wake na wanyama wanaomkaribia.

Kozi yenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Wanne kati yao walisomea Rwanda, ambako serikali iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Wawili walikulia Goma na kusoma kwa Kifaransa. Lugha iliyowakutanisha wote ni Kiswahili, kile kile cha sokoni Gisenyi na cha mpakani. Basi waliniomba jambo moja tu: niwapatie maneno ya Kiswahili ya kuelezana masomo yao.

Nilidhani kazi hiyo ingekwisha kwa saa moja na kamusi mbili. Ilichukua muhula mzima. Sababu ni kwamba kila neno tulilolishika lilikuja na mzigo wake, na hapa kwetu mizigo mingine ni mizito. Nimeona niwaeleze walimu na wanafunzi wenzangu tuliyoyapitia, kwa kuwa tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kazi ya namna hii inazidi kutuangukia sisi.

Binadamu na nyani

Mhadhara wa kwanza ulihusu kundi la wanyama ambalo ndani yake wamo komba, tumbili, kima, sokwe na binadamu. Mwanafunzi mmoja alijaribu kuwafasiria wenzake: "Mwalimu amesema mtu alitokana na nyani." Binti mmoja, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, alifunga daftari lake. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa tayari kuiacha kozi.

Hapa tatizo la kwanza ni la msamiati. Kiswahili kina majina mengi ya wanyama hawa: nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega, komba, sokwe. Kinyarwanda nacho kina yake. Ingagi ni sokwe wa milimani, na inkima ni ndugu wa wazi wa neno letu kima. Lakini lugha zetu hazikuwa na jina moja la kundi zima, kwa hiyo vitabu vingi huchukua jina la mnyama mmoja, nyani, na kulibandika kwa wote. Msomaji akiona "nyani" anamwona yule anayevamia mashamba ya mahindi, naye hukataa kuitwa mwanawe. Ana haki ya kukataa, kwa sababu sayansi haisemi hivyo.

Tatizo la pili ni la sarufi. "Kutokana na" huonyesha chanzo na tokeo, kama baba na mwana. Sayansi inasema kwamba binadamu na sokwe wa leo wana wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa binadamu na sokwe mtu, makadirio ya kawaida ni miaka milioni sita hivi au saba. Kwa hiyo tuliandika ubaoni: "Binadamu na sokwe ni mabinamu, si baba na mwana." Yule binti alilifungua daftari. Hakusema kwamba ameyakubali yote, nami sikumtaka aseme. Alisema, "Sasa najua ninachobishana nacho." Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hiyo ni hatua kubwa.

Kwa upande wa viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, Tanzania imetutangulia kwa neno zamadamu, lililozoeleka katika habari za Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na za Laetoli, penye nyayo zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Neno hilo halimchanganyi mtu na mnyama yeyote aliyepo leo. Tulilipokea bila ubishi.

Aliyeteua ni nani?

Wiki ya tatu walikuja na dhana ya mabadiliko ya viumbe. Mmoja alikuwa ameandika "mageuzi", mwingine "mageuko". Walitaka kujua lipi ni sahihi.

Yote mawili ni Kiswahili safi, lakini tuyatazame yalivyoundwa. Mageuzi yanatokana na kugeuza: yupo mtu anayekigeuza kitu. Ndiyo maana tunasema mageuzi ya kisiasa au mageuzi ya elimu. Mageuko yanatokana na kugeuka: kitu kinabadilika bila kutajwa mbadilishaji. Kwa biolojia, mageuko linafaa zaidi. Tofauti ya konsonanti moja imebeba hoja nzima ya somo.

Neno lililotushinda ni "uteuzi wa asili". Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, uteuzi una mteuzi. Rais anateua mawaziri. Hapa aliyeteua ni nani?" Swali lilikuwa zuri kuliko jibu langu la kwanza. Tulilitatua kwa mfano wa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Mahali penye malaria nyingi, watoto hao walinusurika zaidi, wakakua, wakazaa. Aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili aliugua selimundu. Hakuna aliyekaa akachagua. Ni mbu, ugonjwa na vizazi vingi. Neno uteuzi tuliliacha kama lilivyo, kwa kuwa limekwisha enea, lakini tulikubaliana kwamba kila anayelitumia aongeze sentensi moja ya kueleza kuwa hapa hakuna mteuzi.

Ubwoko, kabila, mbari

Wiki ya sita walifika wakiwa kimya. Mhadhiri wao alikuwa ameleta kifaa cha chuma kinachofanana na koleo, chenye mikono miwili iliyopinda, akaeleza kwamba wataalamu wa zamani walikitumia kupima vichwa na pua za watu. Nia yake ilikuwa kuonyesha makosa ya sayansi ya enzi hizo. Lakini kabla hajafika huko, mwanafunzi mmoja aliinuka akatoka. Ndiye aliyekuja wa mwisho Jumamosi ile, akaketi karibu na mlango. Alisema, "Nyumbani kwetu neno hilo halitajwi."

Neno lenyewe lilikuwa lipi? Kiingereza kilikuwa na maneno matatu tofauti: la spishi, la jamii ya watu, na lile la kuwagawa binadamu kwa maumbile. Kichwani mwa Mnyarwanda yote matatu yanaweza kuangukia neno moja: ubwoko. Mkulima wa hapa Nyakiriba husema ubwoko bw'ibirayi, yaani aina ya viazi. Mzee akikuuliza ubwoko wako kwa desturi ya zamani, unamjibu Umusinga, Umuzigaba au Umugesera, yaani ukoo, na katika kila ukoo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Kisha utawala wa Kibelgiji, baada ya kuhesabu watu mwaka 1933 na 1934, ukatoa vitambulisho vilivyoandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na neno la kutajia hayo likawa ubwoko. Nyuma yake lilikuwapo wazo la wageni, lililoenezwa na John Hanning Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa uzao mwingine uliotoka kaskazini. Vipimo vya pua na vichwa vilitafutwa ili kulithibitisha. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho hicho kilionyeshwa vizuizini, na neno moja ndani yake lilitosha kumuua mtu.

Nikajaribu kukimbilia Kiswahili. Nikasema, basi tutumie "mbari". Kamusi zinaeleza mbari kuwa ni ukoo, na katika Kikuyu neno hilo hilo hutaja watu wa babu mmoja. Wote sita walinitazama. Kwao mbari si ukoo hata kidogo. Wamelisikia tangu utotoni katika msemo mmoja tu: mauaji ya kimbari. Nililisoma neno hilo Dar es Salaam nilipokuwa nikifanya shahada ya uzamili, na sikuwahi kuona kwamba limesafiri njia ile ile ya ubwoko, kutoka ukoo hadi kaburi. Nililiona siku ile, kwa macho ya wanafunzi.

"Kabila" nalo halikutuokoa. Mmoja alikuwa ameandika katika daftari lake, "sokwe wa mashariki wana makabila mawili", akikusudia spishi ndogo mbili. Tulicheka kidogo, tukanyamaza. Kama kabila ni neno la kugawia sokwe, basi tukilirudisha kwa watu tunasema kwamba Wahaya na Wachagga, au Wakikuyu na Waluo, wametengana kama aina za wanyama. Huo ndio uongo uliotuumiza.

Kilichowapa nafuu ni sayansi yenyewe walipofika sura iliyofuata. Mwaka 1972 Richard Lewontin, mwanajenetiki wa Marekani, alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja, si kati ya jamii na jamii. Rangi ya ngozi nayo hubadilika polepole kadiri unavyosafiri, kufuatana hasa na ukali wa jua. Huwezi kupiga mstari mahali ukasema hapa watu wa aina moja wamekoma. Yule aliyetoka darasani alilisoma jambo hilo kwa sauti mara mbili. Akasema, "Kumbe wale wenye koleo walikosea hata kwa hesabu zao wenyewe."

Mafuvu wale

Kikao cha mwisho ninachotaka kukisimulia kilihusu mafuvu. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Mjerumani Adolf Friedrich, wa ukoo tawala wa Mecklenburg, ulipita katika nchi hizi. Ndani yake alikuwamo mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, aliyepima watu na kukusanya mafuvu mengi. Watafiti wa Berlin, wakishirikiana na wenzao wa Rwanda, walichunguza zaidi ya mafuvu 1,100 ya kutoka Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa huko. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba 904 yalitoka katika eneo la Rwanda ya leo.

Mwanafunzi wa Goma aliandika hivi katika muhtasari wake: "Mafuvu wale walipelekwa Ujerumani wakaandikwa namba." Kalamu yangu nyekundu ilikwisha gusa karatasi. Kisarufi fuvu ni la ngeli ya LI-YA: mafuvu yale yalipelekwa, yakaandikwa. Lakini nilisita. Upatanisho wa viumbe hai ulikuwa umempitia kalamuni kwa sababu alikuwa akiwafikiria watu.

Sikumwachia kosa, wala sikulikata tu. Tulitafuta pamoja sentensi iliyo sahihi kwa sarufi na kwa ukweli: "Mabaki ya watu wale yalipelekwa Ujerumani." Upatanisho umenyooka, na mtu amerudi ndani ya sentensi.

Hapo mwenzake akakumbusha jambo ambalo nimeshindwa kulisahau. Katika Hifadhi ya Volkano, mwendo wa kama saa mbili kutoka kwetu, watoto wa sokwe hupewa majina katika sherehe ya Kwita Izina iliyoanza mwaka 2005. Sokwe wanaofuatiliwa na watafiti wakifa, mifupa yao huhifadhiwa Rwanda kwa ajili ya utafiti, na mingi inajulikana ni ya nani. "Ingagi wana majina," alisema, "na babu zetu wana namba."

Mambo ya kuzingatia darasani

Kutokana na uzoefu huo, ninawapendekezea walimu wenzangu haya:

(i) Tutumie spishi kwa viumbe, ukoo kwa nasaba, na jamii kwa kundi la watu linalochunguzwa. Tusiruhusu neno kabila lifanye kazi zote tatu.

(ii) Mbari, likimaanisha kuwagawa binadamu kwa maumbile, litajwe kama dhana ya kihistoria iliyokataliwa na sayansi, na mwanafunzi aelezwe historia ya neno kabla ya kulitumia.

(iii) Tutofautishe mageuko na mageuzi, na tuonyeshe unyambuaji wake ubaoni.

(iv) Tuseme mabaki ya watu badala ya vielelezo au sampuli.

(v) Mwanafunzi akinyamaza mbele ya neno, tusimharakishe. Huenda analijua kuliko sisi.

Hitimisho

TUKI walichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo bado inatufaa. Lakini kamusi hutoa kisawe. Haiwezi kujua nani ameketi karibu na mlango. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Wote sita walimaliza kozi, akiwamo yule binti wa kwaya. Muhula huu wawili kati yao wamejiandikisha katika somo la istilahi na tafsiri, na swali lao la kwanza kwangu lilikuwa kama wanaweza kuanza na neno ubwoko. Nimewaambia waanze nalo, ila wasilimalize peke yao.