Mzizi Mzima na Mzizi Uliosagwa

Mtu apitaye Kariakoo, Dar es Salaam, akitoka Mtaa wa Msimbazi na kuingia vichochoro vya sokoni, hakosi kuwakuta wauzaji wa dawa za miti shamba, baadhi yao Wamasai waliojifunga lubega, wametandika chini mizizi, magome na majani, na kando yake vikopo vya unga wa kijivu, wa hudhurungi na wa manjano. Mzizi, mwenye maarifa huweza kuuhoji: ataukwangua, ataunusa, atautafuna kidogo, naye atajua kama ndio autakao. Unga hauhojiki. Mti ukishasagwa umepoteza uso wake, na mnunuzi hana shahidi ila ulimi wa muuzaji.

Zamani jambo hili halikuwa na taabu kubwa, maana mganga alikuwa jirani. Alikwenda porini mwenyewe, akachimba kwa majira yake, akakausha kivulini, kisha akampa dawa mgonjwa ambaye kesho yake wangekutana kisimani, na dawa ikidhuru, lawama iliujua mlango wa kubisha. Dhamana ya dawa ilikuwa ni mtu. Mjini mchimbaji yuko mbali, mchukuzi ni mwingine, msagaji mwingine, na muuzaji mwingine tena, wala hapana hata mmoja wao amjuaye mgonjwa; kwa hiyo dhamana ile haina budi kuhamia ndani ya paketi, na kuihamisha huko ndiko kunakoitwa kuweka viwango.

Kukosea jina tu kwatosha kuangamiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene walipatwa na maradhi mazito ya figo, na uchunguzi ukabainisha ya kuwa mmea wa Kichina uitwao Stephania ulikuwa umebadilishwa, pasipo kujua, kwa Aristolochia wenye sumu, kwa sababu majina yake ya Kichina yanakaribiana. Nasi, ambao jina la mti hubadilika mtu akivuka mto, tuna salama gani?

Vipimo vyenyewe si muujiza. Unga huchomwa ukawa majivu, na majivu yakatiwa asidi. Kisichoyeyuka aghalabu ni mchanga, ndipo ijulikane kama tumeuziwa mzizi au udongo. Unyevu hupimwa, maadamu unyevu huzaa ukungu, na ukungu wa namna fulani huacha sumukuvu. Hutafutwa pia risasi na zebaki, na hila ya siku hizi, ambayo watu wa mjini huiita kuchakachua: kutia dawa ya kiwandani, kama sildenafil, ndani ya unga wa “nguvu za kiume”, kisha mteja akasifu miti. Mwenye maradhi ya moyo atumiaye dawa za nitrati akiunywa unga huo, shinikizo la damu laweza kushuka hata akafa.

Nchini kwetu Tanzania, Sheria Na. 23 ya 2002 ililiweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye kazi ya kusajili waganga na dawa zao. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Na Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Waganga wengi, hata hivyo, huogopa kupeleka dawa maabara wasije wakaporwa siri, na hofu hiyo siidharau, kwa kuwa siri ya mti ni urithi wa ukoo. Lakini kupima mchanga, ukungu, risasi na sildenafil hakuhitaji siri ya mtu yeyote. Nionavyo mimi, hapo ndipo ingefaa kuanzia, na jina la mti lifuate baadaye kwa mapatano.

Nawe msomaji, ukienda Kariakoo, uliza namba ya usajili; ikikosekana na huna budi kununua, nunua mzizi mzima, mwonyeshe aujuaye, kisha ukausage nyumbani, na ukifika hospitali usimfiche daktari ulichokunywa.