KUTULIZA AU KUTIISHA?

Muhula uliopita mwalimu alitupa kifungu cha Kiingereza tukifasiri. Ndani yake mlikuwamo kitenzi "pacify". Mimi huyo, mbio mbio nikaandika "kutuliza", nikajiona bingwa. Kumbe! Daftari liliporudi, neno langu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Nilikosea wapi? Hebu tufuatane.

Kitenzi hicho kilitoka katika Kilatini: pax ni amani, facere ni kufanya. Maana yake ya kwanza, basi, ni kumtoa mtu katika ghasia au hasira. Mtoto anayelia, sisi twasema hubembelezwa. Mtu aliyepandwa na hasira hutulizwa. Lakini aliyefiwa huliwazwa, na huko matangani "pacify" haifai kabisa, maana mfiwa hana ugomvi na mtu.

Sasa, kifungu chetu hakikuhusu mtoto wala mzazi. Kilihusu Wanandi, waliopigana na Waingereza kutoka 1895 hadi 1905. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Akapigwa risasi, akafa papo hapo. Kisha majeshi yakachoma nyumba, yakateka ng'ombe, na watu wakahamishwa kwa nguvu. Wakoloni walipoandika habari za vita kama hivyo, kitenzi walichopenda ni hicho hicho cha kuleta amani! Jamani, aliyechomewa nyumba ametulizwa?

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia. Tazameni kauli ya kutendesha: tulia huzaa tuliza, nyamaza huzaa nyamazisha, tii huzaa tiisha. Anayetulia, moyo wake umepoa. Anayenyamaza amefunga mdomo tu. Anayetii kwa kuogopa bunduki, huenda moyo bado unatokota. Kiingereza kiliwafunika wote kwa blanketi moja. Kiswahili hudai useme ni yupi.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenzangu, ukikutana na kitenzi hiki kwenye mtihani, usikimbilie kamusi na kunyakua neno la kwanza. Uliza kwanza: nani katenda, nani katendwa, na kwa kutumia nini? Wimbo wa mama ni "kubembeleza". Risasi ni "kutiisha". Mimi nilisahihisha hivyo, nikapata alama yangu.

Kiswahili kitukuzwe!