Mwanamume Mzima, Mbegu Hakuna

Mwaka 1977, mjini Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Occidental walianza kuulizana jambo ambalo wanaume huona haya kulitamka: mbona kwetu hapa watoto hawapatikani? Kiwandani humo walishika DBCP, dawa ya kuua minyoo fundo, wale wanaotoboa mizizi ya mazao udongoni. Daktari Donald Whorton na wenzake walipowapima 25 ambao hawakuwa wamefunga kizazi, 14 walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Aliyekaa na dawa hiyo muda mrefu ndiye aliyeumia zaidi.

Na hawakuwa wanaugua. Hapo ndipo penye hatari. Korodani zina kazi mbili. Ndani ya mirija yake myembamba, seli mama hugawanyika na kukua hadi ziwe mbegu, kazi ya takriban miezi miwili na nusu. Pembeni mwa mirija hiyo, seli nyingine hutengeneza testosteroni, homoni inayoleta ndevu, sauti nzito na hamu ya tendo la ndoa. DBCP iliharibu upande wa mbegu; testosteroni ikabaki ya kawaida. Nguvu za kiume zipo, shahawa zinatoka, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Mtu huyo atajijuaje? Hajijui, na huku mkewe ndiye anayezungushwa hospitali na kwa waganga, ndiye anayesemwa na mawifi. Ni dhuluma, tena dhuluma ambayo kipimo kimoja cha shahawa, kisicho hata na sindano, kingeizuia.

Seli mama zikisalimika, mbegu huweza kurudi miezi kadhaa baada ya mtu kuondolewa kwenye sumu. Zikifa zote, hazirudi. Wapo waliopona Lathrop, wapo ambao hawakupona.

Wala si kwamba hapakuwa na dalili. Tangu 1961 utafiti uliokwisha kuchapishwa ulionyesha kwamba panya waliopewa DBCP walisinyaa korodani. Hata baada ya Marekani kupiga marufuku karibu matumizi yake yote mwaka 1979, matumizi kwenye mananasi ya Hawaii yaliruhusiwa hadi 1985. Wakati huo vibarua wa mashamba ya migomba Costa Rica nao walikuwa wamekwisha kudunga dawa hiyo ardhini kwa mikono yao, na maelfu wakaja kushtaki.

DBCP siyo pekee. Risasi, ile inayoyeyushwa kutoka betri kuukuu za magari, nayo huharibu mbegu. Sumu hizi huingia kwa pumzi, nyingine hata kwa ngozi. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Badili nguo na uoge kabla ya kwenda nyumbani.

Na ukienda kupimwa, mweleze daktari unashika nini kazini, hata asipokuuliza. Mwambie pia ulichokuwa ukishika miezi mitatu iliyopita, maana mbegu anazozihesabu leo zilianza kutengenezwa wakati huo.