Shujaa wa mtoto akipunguzwa makali, mzazi usicheke

Chukua kijana wa miaka 14 wa Binza, mkoani Simiyu. Kwa karibu mwaka mzima amekuwa akicheza gemu la mashujaa kwenye simu ya kaka yake, kwa bando la kuungaunga, akimkuza shujaa mmoja hatua kwa hatua. Asubuhi moja anafungua simu na kukuta gemu limepata toleo jipya usiku. Yule shujaa aliyekuwa akimwangusha adui kwa mapigo machache sasa anapigwa yeye. Watengenezaji wamempunguza makali, wala hawakumuuliza mtu. Kijana anarusha simu kitandani, anagoma kula, anamjibu mama yake kwa mkato. Baba anacheka na kuuliza kama kweli mtu mzima na akili zake analilia katuni.

Kicheko hicho, pamoja na hatua inayokifuata mara nyingi, yaani kunyang'anya simu kwa hasira, ndiyo mada yetu wiki hii. Niseme mapema kwamba mtoto huyo hajachanganyikiwa. Amepoteza kitu. Ni kitu kisichoshikika, ndiyo, lakini saa alizotumia kukipata zilikuwa za kweli, na wakati mwingine pesa pia.

Tena si watoto peke yao wanaoumia hivyo. Gemu la Marvel Contest of Champions, linalotengenezwa na kampuni ya Kabam ya Vancouver, Canada, lilianza mwishoni mwa 2014 na huchezwa kwenye simu za kawaida. Machi 2017 kampuni ilitoa toleo namba 12.0. Mashujaa kadhaa waliokuwa tegemeo la wachezaji, wakiwamo Scarlet Witch, Thor, Black Widow na Doctor Strange, walipunguzwa nguvu kwa mpigo mmoja. Wachezaji wakawaka. Wengi waligoma kununua chochote ndani ya gemu, na watu wazima walikuwamo kwenye mgomo huo. Kampuni ilirudi nyuma kwa sehemu: ikarekebisha baadhi ya mambo, na ikatoa tiketi za kumshusha daraja shujaa aliyeharibika ili mchezaji arudishiwe mali aliyotumia kumkuza.

Wachezaji wenyewe hawakuwa na sauti moja, na jambo hili mzazi alijue kwa sababu ugomvi wa namna hii huja hadi darasani. Kila mabadiliko kama haya yakitokea, wapo wanaosema shujaa fulani alikuwa na nguvu kupita kiasi, kila mtu anamtumia yeye tu, mchezo umekosa ladha. Wapo wanaojibu kwamba wao walimpata kwa jasho, na kanuni ya jana haiwezi kugeuka leo baada ya mtu kulipa. Aliyelipa humwona asiyelipa hajui uchungu. Asiyelipa husema mwenzake alinunua ushindi. Watengenezaji nao wana hoja ya kweli, kwamba lazima nguvu zilingane. Wana pia hoja wanayoitaja kwa sauti ya chini: shujaa wa zamani akiwa bora kuliko wote, shujaa mpya hanunuliwi.

Kwenye bao, ambalo Wasukuma huliita isolo, kanuni zinaweza kutofautiana kati ya kijiji na kijiji, lakini wanaokaa kwenye ubao hukubaliana kabla ya kuanza kusogeza kete. Hakuna mtu wa mbali anayekuja katikati ya mchezo kusema mashimo yamebadilika. Kwenye magemu ya intaneti mwenye ubao ni kampuni. Inaweza kubadili kanuni, na inaweza kuuondoa ubao wenyewe. Gemu la City of Heroes, lililoanza 2004, liliwagawa wachezaji wake 2005 pale nguvu za mashujaa zilipopunguzwa, kisha mmiliki wake, kampuni ya NCSOFT ya Korea Kusini, akatangaza 2012 kwamba analifunga. Wachezaji walikusanyika ndani ya gemu, mashujaa wao wakiwa wameshika mienge, mfano wa watu waliokuja msibani. Likazimwa Novemba 30 mwaka huo.

Mtoto wa miaka 14 hajajua bado kwamba unaweza kukipenda kitu ambacho si chako. Hapo ndipo mzazi ana kazi, na kazi hiyo haifanyiki kwa kicheko.

Mwilini kunatokea nini

Kila ushindi mdogo huifanya sehemu ya ubongo inayohusika na raha itoe kemikali iitwayo dopamini. Zawadi isiyotabirika, leo unapata, kesho hupati, huivuta sehemu hiyo kwa nguvu zaidi kuliko zawadi ya uhakika. Magemu mengi yamejengwa juu ya ujuzi huo. Upande wa pili, sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi ya breki huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu. Kijana ana injini kubwa na breki changa. Akinyang'anywa ushindi ghafla, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, usingizi unaruka. Ni mwitikio uleule anaoupata timu yake ikifungwa dakika ya mwisho, ila mpira una filimbi ya mwisho, gemu halina.

Hasira ya namna hii kwa kawaida hupoa ndani ya siku chache. Ukiona inapoa, mtoto anakula, anaenda shule, anacheka na wenzake, huna mgonjwa nyumbani.

Kinachonisumbua zaidi ya hasira ni usiku. Katika gemu nililolitaja, wachezaji hujiunga kwenye makundi yenye hadi watu 30, na kundi huenda vitani kwa pamoja kwa muda uliopangwa. Mmoja asipoingia kwa wakati, wenzake hukwama. Kwa hiyo unapomwambia kijana azime simu sasa hivi naye anaomba dakika 10, huenda si jeuri. Kuna watu wanaomsubiri, na kesho watamsema. Halafu fikiria saa. Saa 6 mchana ya Vancouver ni usiku kwetu. Saa za kazi za watengenezaji ndiyo usiku wetu. Tangazo la mabadiliko likitoka huko wakiwa ofisini, mtoto wa Bariadi au Maswa analisoma chini ya shuka.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anatakiwa awe amelala saa 3 usiku ili apate hizo 8 za chini kabisa. Asipozipata kwa wiki kadhaa utaona mwenyewe: mkali bila sababu, msahaulifu, anasinzia darasani, kichwa kinamuuma. Mara nyingi wazazi huliita hili uraibu, kumbe ni njaa ya usingizi, na dawa yake haiuzwi duka la dawa. Simu ilale chumba cha wazazi. Yote, na ya baba ikiwamo, maana nyumba ambayo baba anaperuzi hadi saa 6 usiku haina mamlaka ya kumhubiria mtoto.

Uraibu wa kweli ukoje

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza uraibu wa magemu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika rasmi Januari 2022. Vigezo ni vitatu, navyo huenda pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, ama katika kuanza, ama muda, ama kuacha, gemu limepanda juu ya mambo mengine yote ya maisha yake, na anaendelea au anazidisha hata baada ya kuona madhara. Hali hiyo iwe imevuruga kweli masomo, familia au afya yake, na kwa kawaida iwe imedumu si chini ya miezi 12, ingawa ikiwa nzito sana daktari hasubiri mwaka uishe. Shirika hilohilo linasema uraibu huu huwapata wachache tu kati ya wanaocheza.

Kwa hiyo kijana anayegombana na wenzake kuhusu toleo jipya si mraibu kwa sababu hiyo. Anaweza kuwa mtu mwenye msimamo tu. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye gemu limeharibika, halimpi raha tena, analilaani kila siku, na bado hawezi kuliacha. Au yule aliyeacha mpira, rafiki na mlo wa pamoja, akasema pale ndani ya gemu ndipo pekee anapoheshimiwa. Huyo muulize taratibu kuna nini nje ya gemu. Mara nyingi sonona, wasiwasi, tatizo la kutotulia na kukosa umakini, uonevu shuleni au msiba usioongelewa hutangulia, gemu likafuata kama pa kujifichia. Ukimnyang'anya maficho bila kuuliza anakimbia nini, hujatibu kitu.

Na usiibebeshe simu kila dalili. Kanda yetu ina malaria, ina kichocho, ina upungufu wa damu. Mtoto aliyechoka, asiyekula, anayelalamika kichwa, apimwe kwanza. Nisingependa mtoto achapwe kwa ajili ya gemu huku vimelea vya malaria vikimaliza damu yake. Kichwa kinachouma kila akisoma ubaoni kinaweza pia kuwa macho tu.

Wapo watoto ambao kwao habari hii ina uzito wa peke yake. Selimundu ni ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, na mtoto mwenye selimundu akizama kwenye gemu saa tatu, nne, bila kunywa maji, anajiweka karibu na maumivu makali, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini ni mmoja wa vichochezi vinavyojulikana vyema. Chupa ya maji ikae kando ya simu, na iwe inapungua. Mwenye kifafa asikose usingizi, kwani kukosa usingizi huweza kuamsha degedege, na wachache wao huanguka kwa sababu ya mwanga unaomweka kwenye kioo. Huyo asicheze gizani, na dawa zake zisikatishwe. Lakini pia kuna mtoto aliyelazwa wiki nyingi wodini, ambaye wenzake wa kwenye gemu ndio rafiki pekee wanaomsalimia kila siku. Kwake toleo jipya lililovunja kundi ni pigo kubwa kuliko tunavyodhani. Wauguzi na wazazi wasilidharau.

Mzazi aseme nini

Siku ya kwanza, usiseme mengi. "Mwanangu, naona umeumia. Nionyeshe walichobadilisha." Mwache akueleze, hata kama hutaelewa nusu yake. Kijana anayeeleza hasira yake kwa maneno ameshaanza kuishusha. Baada ya siku mbili tatu, akiwa ametulia, mwulize swali la pili: kampuni ikiweza kukibadilisha usiku mmoja, unataka kuweka humo saa ngapi za wiki yako? Kubalianeni saa za kucheza kama wacheza bao wanavyokubaliana kabla ya kuanza, na zihesabiwe kwa mechi kuliko kwa dakika, ili asikatizwe katikati ya vita ya kundi. Makubaliano yakishawekwa, nawe usiyageuze katikati kwa kuwa umerudi nyumbani na hasira. Ukifanya hivyo umekuwa kampuni.

Mtoto akitukanwa au kutishwa na watu wa kwenye gemu wakati wa mabishano haya, asijibu. Ahifadhi picha ya ujumbe na akuonyeshe. Asimpe mtu yeyote wa huko jina la shule wala picha yake.

Pesa ni suala la dakika moja tu, lakini lifanye leo. Simu inayoingiza malipo ya pamba isiwe ndiyo simu ya kuchezea, na namba ya siri isijulikane na mtoto. Mara nyingi, shujaa wa zamani anapopunguzwa makali, wa kuuzwa anakuwa ameshawekwa mbele ya mchezaji, na mtoto aliyeumia ni mteja mwepesi.

Kwa walio chini ya miaka 5, mabishano yote haya hayawahusu: WHO inashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na aliye chini ya hapo asikae kabisa.

Mtoto akisema anataka kufa, akijiumiza, au akiacha kula na kulala kwa zaidi ya wiki mbili, msimpe muda. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mtaelekezwa hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi. Kesi nzito hupelekwa Bugando, Mwanza. Namba 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mkienda kumwona daktari, bebeni daftari mliloandika kwa wiki mbili: saa aliyolala, saa aliyoamka, alichokula, saa alizocheza, na siku alizokosa shule.