Sura ya Saba: Mwanzi Unapochukua Kazi ya Mti

Fuatilia miti inakokwenda katika siku ya kawaida Masafu, Wilaya ya Busia upande wa Uganda. Sehemu kubwa haiishii kwenye milango wala vitanda. Mbali na kuni za jikoni na makaa, inaishia kwenye nguzo na fito za nyumba za udongo, kwenye miti ya kushikilia zege la ghorofa mjini, kwenye uzio wa mbuzi, vijiti vya kuegemezea nyanya, tanuri za matofali, na kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ambako miti huzuia udongo usiwaangukie watu. Nyingi ya kazi hizi zinataka shina refu, jepesi na la bei nafuu. Mti uliokua miaka arobaini hauhitajiki, lakini mara nyingi ndio unaoangushwa.

Gharama yake inaonekana. Misitu ilifunika takriban asilimia 24 ya ardhi ya Uganda mwaka 1990. Kufikia 2017 ilibaki takriban asilimia 12. Msitu wa hifadhi wa West Bugwe, ulio jirani kabisa na watu wa Busia, umeharibiwa vibaya. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai 2023. Lakini mahitaji ya mbao hayakusimama. Malori ya mbao kutoka Uganda na Kongo yaliendelea kuvuka Busia na Malaba. Ukikataza kukata bila kuleta kitu cha kufanya kazi ile ile, unauhamishia msumeno msitu wa jirani.

Hapo ndipo mwanzi unapoingia. Hoja ya sura hii ni moja: mwanzi hauokoi msitu kwa kupandwa tu. Unauokoa pale shina lake linapokubaliwa na fundi, mkulima au mwenye nyumba kwa kazi fulani ambayo jana ilifanywa na mti.

Nyasi inayosimama kama mti

Mwanzi ni jamaa wa mahindi na miwa. Una zaidi ya spishi 1,600 duniani, na zote zina tabia moja inayomfaa mkulima: shina huchomoza ardhini likiwa na unene wake kamili. Halinenepi tena. Hurefuka kwa kasi na kumaliza urefu wake katika miezi michache, kisha hukaa miaka mitatu au minne likikomaa na kukaza nyuzi zake. Wakati huo shina la chini ya ardhi linaendelea kutoa machipukizi mapya kila msimu wa mvua. Ukikata mashina yaliyokomaa, kichaka hakifi, na udongo haubaki uchi.

Kwa nchi yenye mito ya Sio, Malaba na Malakisi, faida hiyo ya mwisho ina uzito. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka ukanda wa hifadhi wa mita 30 kwenye kingo za mito midogo, na familia nyingi huona ukanda huo kama shamba walilonyang'anywa. Mwanzi unaweza kuugeuza ukanda huo kuwa mahali pa kuvuna bila kulima, kwa makubaliano na maofisa wa mazingira wa wilaya. Mizizi yake hushika ukingo, na majani yanayodondoka hupunguza nguvu ya matone ya mvua.

Mche sahihi kwa mwinuko sahihi

Hasara nyingi huanzia kitaluni. Mwanzi wa mlimani unaoota Elgon, Echuya na Aberdare hupenda baridi ya mita 2,200 kwenda juu. Busia na Tororo ziko karibu mita 1,100 hadi 1,250. Anayeteremsha miche ya Elgon hadi Masafu anaipeleka kwenye joto lisilo lake.

Nyanda hizi zinafaa aina nyingine. Mwanzi wa nyanda kavu, *Oxytenanthera abyssinica*, ni mzawa wa Afrika. Shina lake lina kuta nene, wakati mwingine karibu halina tundu, kwa hiyo ni imara kwa nguzo na vipini. Ndio huohuo unaogemwa ulanzi, pombe ya mwanzi, huko Iringa na Njombe nchini Tanzania: wakati wa mvua, chipukizi changa hukatwa ncha na utomvu wake ukadondokea kwenye mbeta, chombo cha kuukingia. *Bambusa vulgaris*, mwanzi wa kawaida wa vijijini, huota kwa urahisi hata kutokana na kipande cha shina kilicholazwa ardhini, ila una wanga mwingi na bungua huupenda. *Dendrocalamus asper* hutoa mashina makubwa ya ujenzi na machipukizi ya kula.

Kuhusu kula, majirani wa Bugisu wana la kufundisha. Wao hukausha machipukizi ya mwanzi wa Elgon kwa moshi, kisha huyapika na karanga. Chakula hicho, malewa, kinauzwa hadi Mbale na Kampala. Atakayejaribu aina nyingine achemshe kwanza na kumwaga maji, kwa sababu machipukizi mabichi yana sumu ya jamii ile ile iliyomo katika mihogo michungu.

Siku ya kukata

Simama mbele ya kichaka cha miaka sita. Mashina ya mwaka huu yanatambulika mara moja: rangi ni ya kijani mbichi, maganda yangali yameshika vifundo, na unga mweupe hubaki kidoleni ukiyapapasa. Hayo usiyaguse, ndiyo yatakayolisha machipukizi ya msimu ujao. Tafuta lile ambalo maganda yamedondoka, rangi imefifia, na madoa ya kijivu yameanza kutambaa juu ya gome. Ligonge kwa mgongo wa panga. Changa hutoa mlio mzito. Lililokomaa hulia kwa ukali.

Kata kwa msumeno, juu tu ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe. Mvua itakijaza, na kuoza kutashuka hadi kwenye mizizi. Kata wakati wa kiangazi, wanga unapokuwa umepungua ndani ya shina. Bungua hawali mwanzi kwa ajili ya mbao, wanatafuta wanga. Ndiyo maana wazee katika nchi nyingi huzamisha mashina katika maji kwa wiki kadhaa ili wanga utoke, na ndiyo maana karakana za kisasa huyalowesha katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki. Kisha yasimamishwe kivulini yakauke.

Nguzo ya mwanzi uliokatwa mchanga, katika mvua, na kuchimbiwa ardhini bila dawa inaweza kuoza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ile iliyokomaa, ikatiwa dawa, ikawekwa juu ya jiwe au zege na kufunikwa na paa lenye kivuli kipana, hudumu miaka mingi. Wanaosema mwanzi ni mali ya maskini mara nyingi wameona ule wa kwanza tu. Na kazi moja katika orodha yetu ya mwanzo tusiupe mwanzi: kuta za mashimo ya dhahabu. Pale kuna unyevu wa kudumu na uhai wa watu. Nguzo inayoweza kuoza bila kuonekana haina nafasi.

Henzirani hutegemea mti uliosimama

Henzirani, zinazotumika kusukia viti na makochi, mara nyingi hutajwa pamoja na mianzi, lakini maisha yake ni tofauti. Ni mitende itambaayo, yenye miiba, inayopanda juu ya miti mirefu kufuata mwanga. Ya Uganda hutoka katika misitu ya asili kama Mabira na ya visiwa vya Ssese. Msitu ukiisha, henzirani nayo huisha, kwa kuwa haina pa kupanda. Hata Indonesia, inayoongoza duniani kwa zao hili, ilipiga marufuku kuuza nje henzirani ghafi kuanzia 2012 ili kazi ibaki kwa mafundi wake.

Kwa fundi wa Busia au Tororo, njia ya busara ni kuitunza henzirani kwa kile ambacho ni yenyewe tu inayokiweza, yaani kupinda na kufunga, na kutumia mwanzi kwa miguu, fremu na mbao za kukalia.

Mnunuzi kabla ya mche

Serikali zimeanza kusogea. INBAR, shirika la kimataifa la mianzi na henzirani lililoundwa 1997 na lenye makao Beijing, lina Kenya, Uganda na Tanzania miongoni mwa wanachama. Uganda ina mkakati wa taifa wa mianzi wa 2019 hadi 2029, na Kenya iliutambua mwanzi kama zao la kilimo mwaka 2020. Hata kabla ya hapo, mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Maseno kilianza mradi kusini mwa Nyanza wa kuwapa wakulima wa tumbaku zao mbadala. Mwanzi ulistawi, na wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika ili wasuke vikapu na kutengeneza samani badala ya kuuza mashina ghafi.

Somo hilo linafaa Masafu. Ekari moja hubeba vichaka kama 160 kwa nafasi ya mita tano kwa tano, na mavuno ya kueleweka hayaji kabla ya mwaka wa nne au wa tano. Anayeuza miche hupata pesa yake leo. Mkulima ndiye anayesubiri. Kwa hiyo kikundi kianze na kazi, kisha kitafute mche unaofaa kazi hiyo: matenga ya kusafirishia nyanya na kuku kwenda soko la Busia, vijiti vya bustani, uzio, ngazi. Kipande kidogo ukingoni mwa mto kinatosha kwa mwanzo, pamoja na pipa la dawa na fundi mmoja aliyefunzwa kukata kwa umri. Kila tenga la mwanzi linalodumu msimu wa pili litamshawishi mnunuzi kuliko semina yoyote, na hapo ndipo mti wa West Bugwe unapoanza kupata miaka yake ya kukua.