Viambato vya mimea katika utando wa kuchujia maji

Viambato vya mimea katika utando wa kuchujia maji ni vitu vinavyotokana na mimea, kama vile selulosi, tanini na lignini, ambavyo huchanganywa na polima au hupakwa juu ya utando ili upitishe maji kwa urahisi na usizibe haraka.

Tatizo la kuziba

Utando wa kuchujia ni ngozi nyembamba yenye matundu madogo sana. Maji husukumwa kwa shinikizo yapite, na uchafu hubaki nyuma. Matundu ya mikromita 0.1 huzuia bakteria wengi.

Tando nyingi hutengenezwa kwa polima kama polisulfoni. Polima hizo ni imara, lakini hazipendi maji: mafuta, protini na bakteria hunata juu yake. Utando ukiziba, pampu hutumia umeme mwingi zaidi, na kuuosha mara kwa mara kwa kemikali hufupisha maisha yake. Hivyo maji safi huwa ghali.

Jinsi vinavyosaidia

Molekuli za selulosi na tanini zina vikundi vingi vya haidroksili (OH), ambavyo huvuta maji. Tabaka jembamba la maji hutanda juu ya utando, na uchafu hukosa pa kushika.

* Selulosi hupatikana katika miti na pamba. Ikisagwa kuwa nyuzi za kipimo cha nanomita, huongeza pia uimara wa utando.
* Tanini hupatikana katika magome ya miti kama miwati, inayopandwa Njombe nchini Tanzania na katika nyanda za juu za Kenya. Hushikana na ayoni za chuma na kufanya tabaka juu ya utando.
* Lignini ni mabaki ya viwanda vya karatasi.

Mipaka

Kiambato kikizidi, hujikusanya mabonge na kuacha nyufa zinazopitisha vijidudu. Kingine huyeyuka na kutoka pamoja na maji, faida yake ikaisha. Kwa hiyo kipimo sahihi ni muhimu kuliko wingi.

Njia hii isichanganywe na matumizi ya mbegu za mlonge. Unga wa mbegu hizo hutiwa ndani ya maji yenyewe ili tope ligandamane na kutuama. Maji hayo bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa.

Tazama pia

* Mlonge
* Osmosisi
* Selulosi